Kompyuta ya mezani, laptopu, tableti: zijue tofauti kabla bonasi haijatoka mfukoni



Kila Oktoba huku Kericho na Bomet, wakulima wadogo wanaopeleka majani yao katika viwanda vya chai vilivyo chini ya KTDA hungojea malipo ya mwisho wa mwaka, yale yaitwayo bonasi. Hiyo ndiyo fedha ya karo, ya mabati na ya ng'ombe wa maziwa. Siku hizi imekuwa pia fedha ya kompyuta ya mtoto. Mimi ni mtu wa Mombasa niliyesomea stashahada ya teknolojia ya habari, na riziki ndiyo iliyonileta kwenye vilima hivi vya kijani. Mwezi huo simu yangu haipoi. Wengine hunipigia kutoka huko kwetu, wazazi ambao watoto wao wamepata nafasi katika Chuo Kikuu cha Kabianga hapa Kericho au katika chuo kikuu kishiriki cha Bomet. Swali lao wote ni moja: "Ninunue kompyuta gani?"

Jibu langu huanza kwa kuuliza. Itafanya kazi gani? Itakaa wapi? Stima ya hapo ikoje? Wengi hushangaa, kwa kuwa walitaka kutajiwa jina la kampuni na bei. Lakini jina na bei ni mambo ya mwisho. Kwanza ni kujua aina, kwa sababu mtu akikosea aina, hata mashine nzuri itamkalia kabatini.

Na kukosea huku kuna uchungu wake. Kwa miaka mingi bonasi ya wakulima wa magharibi mwa Bonde la Ufa imekuwa chini ya ile ya wenzao wa Mlima Kenya, na jambo hilo limezua malalamiko hata maandamano. Katika mashamba makubwa ya kampuni nako, mashine za kuchuma zimechukua nafasi ya mikono mingi, hadi Mei 2023 baadhi yake zikachomwa moto hapa Kericho. Kijana ambaye babu yake alichuma chai leo anatafuta riziki ya kuandika, kuhesabu na kuchora kwa kompyuta. Mzazi anayempa kifaa hicho hawezi kununua mara mbili.

Jani moja, gredi nyingi

Sisi watu wa Mombasa twaijua chai kwa upande wa maghala ya Shimanzi na Changamwe. Mwenye kufanya kazi huko atakwambia kwamba BP1, PF1, PD na D1 zaweza kutoka kiwanda kimoja, hata kwa jani la siku moja. Tofauti yao kubwa ni ukubwa wa chembe. BP1 ni kubwa, PF1 ni ndogo kuliko hiyo, na PD na D1 zakaribia kuwa vumbi. Kila gredi ina mnunuzi wake na matumizi yake.

Kompyuta nazo ni hivyo. Ndani ya kila moja mna vitu vile vile: prosesa inayofanya hesabu, memori ya kufanyia kazi ambayo mafundi huiita RAM, hifadhi ya kuwekea mafaili, na programu kuu inayoongoza vyote. Kinachotofautisha aina ni mwili uliovifunika, na mwili huo ndio unaoamua kama utaibeba, utaitengeneza, na itakuwaje stima ikikatika.

Kompyuta ya binafsi maana yake ni ile ya mtu mmoja kukaa nayo na kufanya kazi yake. Zamani kompyuta ilijaza chumba na ilitumiwa na taasisi nzima. Mwaka 1975 ilitoka Altair 8800, ikafuatwa na Apple II mwaka 1977, na mwaka 1981 kampuni ya IBM ikatoa yake, ambayo mfumo wake ndio mzazi wa nyingi tuzionazo madukani leo. Mwaka huo huo wa 1981 ilitoka Osborne 1, iliyouzwa kama kompyuta ya kubebeka. Uzito wake ulikuwa kama kilo 11, haikuwa na betri, na skrini yake ilikuwa ya inchi tano tu. Tangu hapo watu wamekuwa wakivutana baina ya nguvu na wepesi, na kila aina nitakayoitaja ni suluhu moja ya mvutano huo.

Kompyuta ya mezani

Hii ina sanduku lake, monita yake, kibodi na kipanya, kila kimoja mbali. Uzuri wake ni kwamba kila kiungo chaweza kubadilishwa peke yake. Kibodi ikifa wanunua kibodi, na RAM ikiwa haba waongeza. Sanduku lina nafasi ya hewa, kwa hiyo mashine haichemki upesi. Kwa fedha ile ile, mara nyingi hupata nguvu zaidi kuliko ya laptopu. Ndiyo maana saiba nyingi za Litein, Kapkatet na Sotik, ambako watu hufanyiwa mambo ya KRA, HELB na eCitizen, hutumia kompyuta za mezani.

Udhaifu wake ni stima. Haina betri, basi taa zikizimika nayo huzima, na kazi ambayo hukuihifadhi imekwenda. Nyanda hizi za Kericho na Nandi ni miongoni mwa sehemu za dunia zinazopigwa na mvua ya mawe siku nyingi zaidi kwa mwaka, na mvua hiyo huja na radi. Jioni moja ya ngurumo hutosha kuua mashine iliyoachwa kwenye soketi. Mwenye kununua ya mezani huku ahesabu pia bei ya UPS, kile kiboksi chenye betri ndani. UPS haitakufanyisha kazi saa nzima. Itakupa dakika chache za kuhifadhi kazi na kuzima kwa utaratibu. Radi ikianza, chomoa waya ukutani. UPS si ngao ya radi.

Lihesabu pia suala la umeme wenyewe. Kompyuta ya kawaida ya mezani pamoja na monita yaweza kula kama wati 100, ilhali laptopu ya kawaida yaweza kula kama wati 30. Kwa saa nane, ya kwanza imekula uniti 0.8 na ya pili uniti 0.24. Kwa nyumba inayotegemea sola juu ya paa, tofauti hiyo ndiyo uamuzi wenyewe.

Ndugu zake wawili

Kuna kompyuta ndogo ya mezani, yenye ukubwa wa kama kitabu kinene, ambayo mafundi huiita mini. Yahitaji monita na kibodi vyake kama ile kubwa, lakini hula stima kidogo na haichukui nafasi. Nyingi zilizoko sokoni zilitumika katika ofisi za Ulaya kabla ya kuletwa huku. Kwa duka dogo, madrasa au ofisi ya chama cha ushirika, naiona kuwa chaguo jema ambalo watu hulisahau.

Ndugu wa pili ni kompyuta ya kipande kimoja, ambayo sanduku lake limefichwa nyuma ya skrini. Hupendeza machoni na haina nyaya nyingi. Lakini skrini ikiharibika, mashine yote imelala kwa fundi, na vipuri vyake si rahisi kupatikana katika miji midogo. Inafaa mahali penye fundi karibu.

Laptopu

Vitabu vya shule huiita kipakatalishi, kwa maana hupakatwa. Skrini, kibodi na betri ni kitu kimoja. Stima ikikatika huendelea, na mwanafunzi huibeba kutoka bwenini hadi maktaba. Kwa mwanafunzi wa chuo, tisa kwa kumi jibu langu ni laptopu.

Lakini laptopu nazo si jamii moja. Iko ya kawaida ya ofisi, nene kidogo, yenye matundu ya kutosha ya kuchomekea vitu, na ambayo fundi aweza kuifungua na kubadilisha RAM na hifadhi. Iko nyembamba sana, nyepesi kama sinia, ambayo mara nyingi RAM yake imechomelewa kwenye bodi. Kiasi ulichonunua ndicho utakachobaki nacho. Iko ya kukunjwa, ambayo skrini yake huzunguka ikawa kama tableti. Na iko ya kazi nzito, yenye kadi ya picha ya peke yake, kwa michezo, video na michoro ya uhandisi. Hiyo ya mwisho ni nzito, hupiga joto, na betri yake haidumu saa nyingi.

Mwanafunzi wa ualimu au biashara hahitaji ya kazi nzito. Wa usanifu majengo aweza kuihitaji. Mwulize mtoto orodha ya programu za masomo yake kabla hujaenda dukani.

Betri ni kitu cha kuliwa na wakati kama tairi. Laptopu iliyotumika yaweza kuwa safi kwa nje huku betri yake haifiki nusu saa. Hapo umenunua kompyuta ya mezani iliyovaa nguo za laptopu.

Chromebook

Hapa ndipo watu wengi huumia. Tangu 2011 kumekuwa na mashine zenye umbo kamili la laptopu ambazo haziendeshwi na Windows, bali na mfumo wa Google uliojengwa juu ya kivinjari cha intaneti. Ni nyepesi, huwaka upesi, na kwa mtu wa kuandika, kusoma na kutuma barua pepe zinatosha. Bei yake hupendeza.

Lakini programu za Windows hazikai humo kwa njia ya kawaida. Kijana mmoja wa Bomet alinunuliwa moja na babake katika duka ambalo sitalitaja, akaambiwa ni laptopu kama laptopu nyingine. Masomo yake yalihitaji programu ya takwimu ya Windows. Muhula mzima akawa wa kuazima mashine za wenzake usiku. Babake hakudanganywa kwa maneno mengi, alinyimwa neno moja tu.

Tena Chromebook ina tarehe ya mwisho ya kupokea maboresho ya usalama, na tarehe hiyo waweza kuisoma kwenye mipangilio ya mashine yenyewe. Zilizotumika nyingi tarehe yake imepita au i karibu. Na baadhi zilikuwa mali ya shule za ng'ambo na bado zimefungwa na shule hizo. Ukiwasha na kuona jina la shule au taasisi linataka uingie kwa akaunti yake, irudishe mezani.

Tableti

Nchi hii ilijifunza tofauti ya laptopu na tableti kwa gharama kubwa. Katika kampeni za 2013 Wakenya waliahidiwa laptopu kwa kila mtoto wa darasa la kwanza. Zabuni ya mwanzo ikavunjika, na mradi ulipoanza mwaka 2016 vilivyofika mikononi mwa watoto vilikuwa tableti, walimu wakapewa laptopu, na kila shule projekta. Kazi ya kuzitengeneza ilipewa Chuo Kikuu cha Moi pamoja na JP Sá Couto ya Ureno, na JKUAT pamoja na Positivo BGH. Zaidi ya mashine milioni moja zilisambazwa.

Wengi walinung'unika kwamba ahadi imepunguzwa. Kwa kifaa chenyewe, mimi naona mtoto wa miaka sita alipata kilichomfaa. Tableti ni ya kugusa, ngumu kidogo kuvunjika, hula stima kidogo, na masomo yalikuwa yamewekwa ndani tayari. Pale kifaa kinapomhitaji mtu aandike kurasa kumi au apange hesabu za duka, ndipo tableti huchosha. Ni kifaa cha kupokea zaidi kuliko kutoa. Ukimnunulia mwanafunzi wa chuo tableti kwa kuwa ni rahisi, mwaka wa pili atakuja kukuomba laptopu.

Ukishajua mwili, angalia roho

Wahenga wetu walisema usione vyaelea, vimeundwa. Mashine mbili za umbo moja zaweza kupishana kama mtumbwi na jahazi. Angalia mambo matatu.

La kwanza ni kizazi cha prosesa. Muuzaji akikwambia "hii ni Core i5", amekwambia nusu ya habari. Soma namba inayofuata kistari. Ikiwa i5-4300, hiyo ni ya kizazi cha nne, kilichoanza 2013. Ikiwa i5-8250, ni ya kizazi cha nane, kilichoanza 2017. Ikiwa i5-10210 ni ya kumi, na i5-1135 ni ya kumi na moja. Jambo hili lina uzito sasa kwa sababu tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilimaliza huduma ya kawaida ya Windows 10. Mashine hizo bado zafanya kazi, lakini bila maboresho ya bure ya usalama kama zamani. Windows 11, kwa upande wa Intel, yataka kizazi cha nane kwenda juu isipokuwa chache sana. Mashine za vizazi vya chini hushushwa kwa wingi, na bei yake ndiyo inayomvuta mwenye bonasi ndogo. Mwenye kuzinunua ajue anachonunua. Aweza kuiwekea Linux, ambayo ni ya bure, lakini ahakikishe programu zake zitakubali.

La pili ni RAM. GB 4 ndicho kiwango cha chini kinachotajwa na Windows 11, lakini kwa kazi halisi anza na GB 8.

La tatu ni hifadhi. Diski ya zamani ina sahani inayozunguka ndani, ni nzito na huogopa kudondoka. SSD haina kinachozunguka na huifanya mashine kongwe ionekane imezaliwa upya. Nikipewa kuchagua SSD ya GB 256 au diski ya kuzunguka ya GB 1,000, nachukua SSD bila kusita.

Bahari na milima

Jambo hili huliwazi mpaka umeishi pande mbili. Pwani adui wa kompyuta ni joto na chumvi. Upepo wa bahari hula shaba ya matundu na viunganishi, na joto huzeesha betri. Mashine ya Lamu au Kilifi yataka kivuli, hewa, na kufunikwa isipotumika. Kericho, mji ulio zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, joto si tatizo. Tatizo ni unyevunyevu, radi na kukatika kwa stima. Mzazi wa Pwani anayemtuma mwanawe huku amnunulie mfuko usiopenya maji kabla ya kumnunulia kipanya cha kupendeza, maana mvua ya alasiri huku haisubiri mtu afike darasani.

Dukani

Uliza maswali haya kwa utaratibu, na usitoe pesa kabla hujajibiwa:

1. Hii ni ya Windows, ya Chromebook au ya aina gani? Nionyeshe ikiwaka.
2. Prosesa ni namba gani kamili, RAM kiasi gani, hifadhi ni SSD au ya kuzunguka?
3. RAM na hifadhi zaweza kuongezwa au zimechomelewa?
4. Nichomoe chaja tukae nusu saa, betri imeshuka kiasi gani?
5. Chaja ni yake halisi? Matundu, kamera, spika na kila kitufe cha kibodi vyafanya kazi?
6. Dhamana ni ya muda gani, na imeandikwa kwenye risiti pamoja na namba ya mashine?

Muuzaji mwaminifu hatakasirika. Akianza kukuharakisha kwamba kuna mteja mwingine njiani, kumbuka kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Kwa ufupi basi. Mwanafunzi wa chuo: laptopu ya kawaida ya ofisi, kizazi cha nane kwenda juu, GB 8, SSD. Saiba au ofisi: ya mezani pamoja na UPS, au mini. Mtoto mdogo na msomaji wa vitabu: tableti. Mwenye kazi za intaneti tupu na fedha kidogo: Chromebook, kwa sharti ameisoma tarehe yake. Mchoraji na mhariri wa video: mashine ya kazi nzito, na ajiandae kwa bili ya stima.

Tangu 2020, wakati wa korona, mnada wa chai wa Mombasa uliokuwa wa nyundo na sauti ulihamia kwenye mtandao. Kwa hiyo chai ya mkulima wa Bomet sasa hununuliwa na mtu aliye mbele ya kompyuta. Ni haki mtoto wa mkulima huyo, na wa kuli wa Shimanzi aliyebeba mfuko ule, naye awe na ya kwake, tena iliyo ya kufaa.